Briji mpya inagonga kabla ya meno mengine, nimeambiwa "utazoea"

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 41. Gego la chini kushoto lilitolewa kama miaka 9 iliyopita, mwezi uliopita nikajipinda nikaweka briji ya meno matatu, ya posileni yenye chuma ndani. Leo ni siku ya 19. Tangu ganzi iishe, nikifunga mdomo briji ndo inagusa kwanza, meno ya kulia hayakutani mpaka nikaze. Kutafuna upande ule siwezi, maji ya baridi yananichoma, asubuhi naamka kichwa kinauma upande wa kushoto, na shavu nimeshaling'ata mara mbili. Nilirudi kliniki, dokta akanichungulia akasema utazoea, meno mapya ni kama viatu vipya. Ni kweli nitazoea? Naogopa kurudi tena asije akaing'oa na hela nimeshamaliza kulipa. Na samahani kwa swali la kijinga, nitaweza kula miwa tena?

Jibu:

Marahaba mwalimu, na pole sana. Umejieleza vizuri mno, kuna wagonjwa mpaka niwachimbe nusu saa kwenye kiti ndo nipate haya uliyoyaandika kwa mistari michache.

Nianze na hivyo viatu. Kiatu kipya kinabana kwa sababu ngozi bado ngumu, ukikivaa wiki mbili tatu ngozi inatanuka na mguu unapata nafasi. Posileni haitanuki. Ulichonacho wewe sio kiatu kinachobana, ni kokoto ndani ya kiatu, na kokoto hamna mtu anaizoea, anachofanya ni kuanza kutembea upande upande mpaka kiuno kinauma. Ndo unachofanya na taya lako sasa hivi, kila ukifunga mdomo linatafuta njia ya kuikwepa ile briji, mchana kutwa, usiku ukilala nako misuli inakaza bila we kujua, ukiamka ndo hicho kichwa. Weka vidole kwenye kipaji pembeni ya jicho, ufunge mdomo ukaze meno, utasikia msuli unatuna pale. Huo ndo unaokuuma asubuhi, nina uhakika mkubwa tu.

Sasa nisimwonee mwenzangu, yapo mambo ambayo kweli unayazoea. Ulimi wako kwa miaka 9 ulikuwa unaingia kwenye lile pengo kama kwake, leo umekuta ukuta umejengwa, lazima uwe unaupapasa papasa siku nzima. Shavu nalo lilishazoea kuzama pale ndo maana umeling'ata, mara mbili ndani ya siku 19 haijanitisha, likiendelea baada ya mwezi basi dokta anaweza kulainisha kidogo ile kona ya nje ya jino. Kuna na ile hali ya kuhisi meno yamebanana kama kuna nyama imekwama katikati, hiyo inaisha siku chache. Na maji ya baridi kuchoma, kama ni sekunde mbili tatu halafu basi na kila wiki inapungua, ni kawaida, yale meno mawili yanayoibeba briji, la mbele na la nyuma ya pengo, yamechongwa kuzunguka pande zote ili yavikwe kofia, na kiini chake, ile sehemu hai ya ndani ya jino, kimestuka. Hayo yote mpe muda.

Ila briji kutangulia kugonga, hapana. Hiyo inarekebishwa na mashine, haizoeleki.

Kwa nini naongea kwa ukali hivi, subiri nikuonyeshe. Ng'oa unywele wako mmoja, uweke katikati ya magego ya kulia, ng'ata taratibu. Umeusikia eeh? Unywele mmoja unene wake ni kati ya 0.05 na 0.1 ya milimita, na watu wengi wanahisi hata kitu chembamba kuliko huo, mpaka 0.02 hivi. Na anayehisi sio jino lenyewe, ganda la nje la jino halina fahamu kabisa. Zinazohisi ni nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa. Watu wengi wanadhani jino limesimikwa kwenye taya kama nguzo ya umeme kwenye zege, sivyo, limeshikwa na nyuzi pande zote kama kile kitanda cha kamba, teremka tukaze, na nafasi ya hizo nyuzi ni kama robo ya milimita au chini ya hapo. Ukilalia kitanda cha kamba sehemu moja tu kila siku kamba zake zinalegea na kuumuka. Jino linalopigwa kupita wenzake ndo hivohivo, nyuzi zinavimba, na zikivimba zinalisukuma jino juu kidogo, likienda juu linagonga zaidi, likigonga zaidi zinavimba zaidi. Umeona mzunguko wenyewe.

Kuna msomaji mjanja atakuja kuniambia mbona watoto wanavikwa kofia za chuma kwenye magego ya utoto bila kuchongwa, meno mengine yanabaki hayakutani na baada ya wiki kadhaa meno yote yanakutana vizuri? Kweli, na hata watu wazima kuna matibabu ambayo sisi wenyewe tunainua meno machache makusudi ili mengine yajisogeze. Meno yanasogea, sibishi. Lakini pale tumepanga, tumechagua meno ambayo kiini chake bado kizima, na tunamfuatilia mgonjwa. Wewe hujapangiwa, una maumivu, na meno yako mawili yanabeba kazi ya matatu. Mwili kujirekebisha ni kamari, na anayecheza hela ni wewe.

Imekuwaje mpaka ikakaa juu? Kwanza ganzi. Ile sindano ya taya la chini inafisha mdomo nusu nzima kwa masaa mawili mpaka manne, dokta anakwambia gonga gonga, we unagonga lakini hujui unagonga wapi, ulimi mzito, mate yanatoka, unamjibu "iko sawa dokta" ili uende nyumbani. Pili umelazwa. Ukiwa umelala chali taya la chini linarudi nyuma kidogo, meno hayakutani palepale yanapokutana ukiwa umekaa unakula. Mi mgonjwa wangu yeyote lazima nimwinue akae wima kama yuko mezani ndo nipime mara ya mwisho, na nikiweza naigandisha kwa simenti ya muda kwanza, arudi baada ya wiki moja bila ganzi aniambie mwenyewe. Sio kila kliniki inafanya hivyo, najua foleni zilivyo.

Tatu, na kwako naishuku sana hii, ni hiyo miaka 9. Gego la chini likitoka, la juu linalotazamana nalo linakosa mwenzake wa kugongana, basi linaanza kushuka polepole kuelekea kwenye pengo, na lile la nyuma ya pengo linalalia mbele kama mti ulioegemea. Wewe huoni kitu kwa sababu ni kidogo kidogo. Siku ya kuweka briji fundi wa maabara anakuta nafasi ya kujenga jino ni finyu, dari limeshuka, sasa afanye nini? Akijenga jino la saizi yake linagonga dari. Ilibidi lile la juu lipunguzwe kidogo kwanza kabla hata ya kuchukua vipimo. Jiangalie kwenye kioo, fungua mdomo, tazama yale magego ya juu kushoto: kama moja limeshuka chini kuliko majirani zake umeshapata nusu ya jibu, mwambie dokta alitazame hilo.

Halafu kuna sababu moja ambayo ni mbaya kidogo na lazima nikuambie, kwamba briji haijakaa mpaka chini. Imebanwa na jino la jirani, au fizi ilijiingiza, au simenti ilianza kukauka kabla haijasukumwa vizuri, basi yote nzima imesimama juu. Hapo mdomo wa ile kofia unakuwa haujafika kwenye jino, panabaki kingo. Pitisha ukucha au ncha ya uzi wa meno taratibu kwenye mpaka wa kofia na jino karibu na fizi, ukikwama kwenye kitu kama ngazi, mwambie. Hii huwezi kuisaga ukamaliza, ukisaga juu bado pale chini pana mlango wazi wa kuoza. Hii ndo inaweza kulazimu itolewe, na hapo kazi ni ya kliniki, sio makosa yako.

Kabla hujarudi fanya hiki kipimo jioni moja nyumbani, ukiwa umekaa wima, umetulia, hujatoka kula. Tafuta kile kikaratasi cha maelezo kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa, kile chembamba chembamba, ukate vipande viwili upana wa kidole. Kausha meno kwa kitambaa. Weka kimoja juu ya briji kingine kwenye magego ya kulia, funga mdomo kawaida tu bila kukaza, halafu vuta kimoja kimoja. Cha kushoto kikikatalia mpaka kichanike na cha kulia kikitoka kama umekichomoa kwenye kitabu, basi jibu unalo mkononi. Rudia mara tatu usije ukawa umejidanganya. Vipande hivyo nenda navyo.

Sasa kliniki. Najua ukifika mapokezi utaulizwa tatizo nini, ukisema "jino linauma" utawekwa kwenye foleni ya kung'oa au utapewa panado. Sema hivi: "Briji yangu inagusa kabla ya meno mengine, naomba ipimwe kwa karatasi ya rangi nikiwa nimekaa, bila ganzi." Hiyo sentensi moja inabadilisha mazungumzo yote. Bila ganzi ndo muhimu, kusaga posileni hakuumi, posileni haina mshipa, na we unatakiwa uwe macho ndo umwongoze.

Na ujue kinachofanyika ili ujue kama kimefanyika. Atakausha meno, maana karatasi ya rangi kwenye mate haishiki, na hapa ndo wengi wanapoharibu, wanapima mdomo umejaa mate wanaona alama hafifu kila mahali wanasema iko sawa. Ataweka karatasi nyekundu au ya bluu, utagonga mara mbili tatu. Zile alama sio zote mbaya, jino linatakiwa ligusane na mwenzake. Anayetafutwa ni mwizi mmoja, na ana sura yake: alama inakuwa kama pete, rangi imekolea pembeni katikati peupe, kwa sababu pale katikati mgandamizo ni mkali mpaka rangi imesukumwa pembeni. Hapo ndo anasaga, kidogo, kwa kibiti laini cha mashine chenye maji, anakausha, anapima tena. Sio mara moja, inaweza kuwa mara tano au nane. Ukiona amesaga mara moja kwa sekunde mbili akakuambia nenda, usiinuke.

Halafu, mwalimu, hii usiisahau maana ndo inayorudisha wagonjwa wangu wengi: kugonga juu chini haitoshi. Sisi hatuli kama mkasi, tunatafuna kwa kuzungusha. Atakapomaliza kugonga mwombe akupime ukisogeza taya kushoto, kulia na mbele huku meno yanagusana. Kuna briji ukigonga iko safi kabisa, ukitafuna sasa ugali na mboga ile kona ya gego inakwaruza ya juu inalisukuma jino pembeni, na jino linavumilia kusukumwa chini kuliko kusukumwa pembeni. Nguzo ukiigonga kichwani inazama, ukiitikisa pembeni inang'oka. Mara nyingi ukisikia mtu anasema "walinisaga ila bado ukila panauma", ni hiyo.

Akishamaliza kuna ukanda mwembamba sana wa kung'aa kama foili, unene wake ni 0.008 ya milimita, tunauweka katikati ya meno tunauvuta. Ukishika upande wa kushoto na upande wa kulia kwa nguvu ileile, kazi imeisha. Sio kila mahali wanao, wakikosa basi masikio yako yatumike: meno yakigongana sawa yanatoa sauti moja kavu, ta, ta, ta. Yasipokutana sawa sauti ni mbili, inakuwa kama mtu anayevuta mguu.

Mwisho kabisa lazima ang'arishe pale aliposaga. Usione ni urembo. Posileni iliyosagwa ikaachwa ni msasa, itakula jino la juu taratibu kwa miaka. Pitisha ulimi, ukisikia mkwaruzo mwambie "dokta hapa bado panakwaruza", hamna aibu. Na kama kusaga kumefika mpaka kwenye chuma, akuambie, kipande kidogo cha chuma kuonekana juu ya gego la nyuma sio janga ila una haki ya kujua. Pengine atashauri asage lile jino la juu badala ya kupunguza briji, hiyo nayo ni sawa kama ni kidogo na kama ndilo lililoshuka, ila aseme kabla, sio ushtukie tu.

Ukitoka hapo kugonga kunaisha siku hiyohiyo. Maumivu ya kutafuna hayaishi siku hiyo, zile kamba zimevimba, zipe wiki moja mpaka mbili. Kichwa cha asubuhi huwa kinatangulia kupona. Kama wiki mbili zimepita bado unaamka misuli imekaza, basi huenda we ni wa kusaga meno usingizini na utahitaji kile kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, lakini asikuuzie kifaa kabla hajarekebisha mkutano wa meno. Nimeona mtu kauziwa kifaa juu ya briji iliyokaa juu, yaani umeweka godoro juu ya kokoto.

Kuhusu hofu yako ya kung'olewa, kazi yote ya kupima na kusaga niliyoeleza hapo juu inafanyika briji ikiwa mdomoni, haitolewi, robo saa hadi nusu saa umemaliza. Na kurekebisha mkutano wa meno wiki za mwanzo ni sehemu ya kazi uliyolipia. Kama ulivyoshona gauni kwa fundi, ukirudi kiunoni linabana hakutozi upya. Kliniki zina taratibu zake, ila ukitajiwa bei mpya kwa kitu hiki uliza kwa heshima ni ya nini hasa. Akikataa kabisa kupima, chukua maelezo yako na eksirei kama ipo, nenda kwa daktari mwingine wa kinywa na meno, hapo Morogoro kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na ukiwa na safari ya Dar kuna Muhimbili.

Nikusimulie sasa kwa nini neno "utazoea" linanikera. Nilikuwa kijana, mwaka wa pili tangu nimalize chuo, kliniki ina watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mzee mmoja fundi seremala nilimwekea briji ya juu, akarudi baada ya wiki akaniambia, "Daktari, hii mbao imezidi unene wa randa moja tu." Fundi huyo, anajua unene wa randa kwa kidole. Mi nikacheka, nikapima kwa haraka akiwa amelala, sikuona kitu, nikamwambia mzee wangu utazoea. Hakurudi. Amekuja miezi mitano baadaye fizi imetoa kijipu, jino la mbele la briji limekufa, ikabidi nitoboe briji yangu mwenyewe nitibu mzizi. Nilipomkalisha wima na kupima upya, ile pete ilikuwa palepale, imekolea kama muhuri. Hakunigombeza. Alisema tu "nilikuambia randa moja". Tangu siku hiyo mgonjwa akiniambia iko juu, naanza kwa kuamini iko juu, karatasi ndo inibishie.

Ndo maana usikae nayo miezi. Sasa hivi maumivu yako yanaonekana bado ni ya nyuzi, unakandamiza panauma ukiacha panatulia. Tofautisha na haya: chai ya moto ikikuuma na maumivu yakabaki dakika kadhaa baada ya kumeza, au jino likianza kupwita lenyewe usiku bila kuguswa, hapo kiini cha jino kinaelekea kufa na kusaga peke yake hakutatosha, litahitaji kutibiwa mzizi, na hilo mara nyingi linafanyika kwa kutoboa kitundu juu ya kofia bila kuitoa briji. Ukisikia maumivu makali pale unapoachia kung'ata, sio unapong'ata, jino linaweza kuwa na ufa. Ukikandamiza briji ukaona mate yanatoa vipovu pembeni au ladha mbaya inatoka, upande mmoja umeachia simenti, na hiyo ni ya kuwahi kweli maana ule upande mwingine bado umeshika, briji haidondoki, we unaona iko imara kumbe chini jino linaoza kimya kimya. Na ukivimba chini ya taya, homa, mdomo hauachami vizuri au kumeza kunakuwa shida, usisubiri apointimenti wala asubuhi, hospitali siku hiyohiyo.

Dawa, kwa sababu najua utapita duka la dawa. Panado vidonge viwili vya 500 kila baada ya masaa sita vinatosha kusukuma siku, usizidishe nane kwa siku. Ibuprofeni inasaidia zaidi kwa uvimbe wa nyuzi, lakini kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, mjamzito au unatumia dawa za presha, uliza kwanza. Amoksilini na fulajili acha, hapa hamna mdudu wa kuua, kuna kokoto la kutoa. Na tafadhali usije ukajisaga mwenyewe, usicheke, nimempokea mtu katumia tupa ya kucha, kaikosa briji kalimaliza jino zima la jirani. Wapo pia wanaoshauri utafune mahindi ya kuchoma upande ule ule "ili jino likae". Halikai, linavunjika posileni.

Mpaka urekebishiwe tafuna kulia, chakula laini, na wakati wa mchana ukijikuta umekaza meno, hasa ukisahihisha madaftari maana nyie walimu ndo zenu, achia, midomo ikutane meno yasikutane. Na chini ya lile jino la katikati, lile lisilo na mzizi, pana uwazi mdogo juu ya fizi ambao mswaki haufiki, uliza wakuonyeshe kupitisha uzi kwa chini kila usiku, kama unavyotunga shanga, sio njiti za kiberiti.

Miwa sasa. Sio swali la kijinga, uko Morogoro na miwa ndo hiyo imejaa barabarani. Utakula, briji ikishakaa sawa na nyuzi zikapona, ipe mwezi na nusu hivi. Mwambie muuzaji akumenyee akukatie vipande vidogo, utafune kulia na kushoto kwa zamu, unyonye uteme. Lile la kuchana ganda kwa meno ya pembeni, kichwa umeinamisha na muwa umeushika kwa mikono miwili, hilo waachie wanafunzi wako.